Kuku Wanakufa Uani: La Kufanya Kabla ya Kununua Dawa

Leo usiuze kuku, usinunue dawa, na usitaje jina la jirani. Najua hayo matatu ndiyo yanayokuja haraka kichwani unapofungua kibanda asubuhi ukakuta kuku wawili wamekauka, na wa tatu amejikunyata pembeni, mbawa zikiburuta. Yote yanaeleweka. Hapa Rumangabo, mashariki mwa Kongo, kuku ndiye benki ya nyumba isiyo na benki: ndiye karo ya mtoto, ndiye nauli ya moto kwenda hospitali ya Rutshuru, ndiye heshima ya mgeni aliyefika bila taarifa. Lakini ukiyafanya hayo siku ya kwanza, utapoteza pesa, utampelekea mwingine msiba wako, na huenda ukavunja ujirani ambao hautaungwa tena.

Anza na walio hai. Wafungie wote, hata wanaoonekana wazima. Kuku wetu hulala ndani na kushinda nje: alfajiri wanatoka, wanapita kwa jirani, wanavuka barabara, wanaokota kwenye shamba la maharagwe, jioni wanarudi. Mgonjwa aliyeachwa atembee siku moja ameshazigusa nyumba nyingi za mtaa. Watenge wagonjwa mahali ambapo maji ya mvua hayatiririki kutoka kwao kwenda kwa wazima. Unapowahudumia, anza na wazima, malizia na wagonjwa, na usirudi nyuma kabla ya kunawa mikono na kuosha viatu kwa sabuni.

Waliokufa washike kwa mkono uliovaa mfuko wa plastiki. Usiwatupe migombani wala kwenye kichaka. Mmoja, yule aliyekufa mwisho, mtie ndani ya ndoo yenye kifuniko uiweke kivulini, utamhitaji.

Kisha chukua kaye ya mtoto, fungua ukurasa mtupu, uandike. Nani alikufa kwanza: kifaranga, tembe au jogoo? Alikaa siku ngapi kati ya kuugua na kufa, au hakuugua kabisa? Choo chake kilikuwa cha rangi gani? Waliobaki wanakula? Mayai yamepungua, au yanatoka bila ganda? Kwa majirani je? Kama kuna bata uani, wao wako vipi? Na swali ninaloliona kubwa kuliko yote: ni kitu gani kilichoingia kwenye uwanja wako katika siku kumi na tano zilizopita ambacho hakikuwapo?

Siku kumi na tano nimezitaja kwa sababu. Virusi vya mdondo, ambao wengine huuita kideri na maveterineri wetu huuita kwa Kifaransa pseudopeste, vinaweza kukaa ndani ya kuku kuanzia siku 2 hadi 15 kabla dalili hazijatokea, mara nyingi siku 5 au 6. Maana yake, jogoo uliyemnunua soko la Rubare akiwa anang'aa manyoya anaweza kuwa ndiye aliyeleta kifo, na wewe umeshamsahau. Vivyo hivyo kuku uliyempeleka soko la Kiwanja, hakupata mnunuzi, ukarudi naye jioni. Vivyo hivyo tenga uliloazima, au manyoya na matumbo ya kuku aliyechinjwa kwa sherehe nyumba ya tatu.

Kwa watu wa barabara hii ya Goma na Rutshuru kuna jambo jingine. Mwaka 2012, na tena mwishoni mwa Oktoba 2022, vita vilipofika Rumangabo, familia zilikimbia na zilichoweza kubeba, na kuku anabebeka: amefungwa miguu juu ya baiskeli, ametundikwa kwenye chukudu, amewekwa kwenye kikapu kichwani mwa mama. Kule walikokimbilia, Kibumba na Kanyaruchinya, kuku wa vijiji kumi walilala pamoja. Watu waliporudi, walirudi na kuku waliochanganyika. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Mtu hawezi kuulizwa cheti cha chanjo huku anakimbia risasi. Lakini kama familia iliyorudi imekaa karibu nawe, au wewe mwenyewe ndiye uliyerudi, liandike kwenye kaye.

Sumu au ugonjwa?

Kuku wakifa ghafla, neno la kwanza midomoni mwa watu ni sumu, na baada ya sumu linafuata jina la mtu. Kuna njia ya kupima jambo hili kabla halijafika kwa chifu wa mtaa. Sumu huua kwa pamoja kisha hukoma. Waliokula kitu kimoja saa moja wanakufa karibu saa moja, wakubwa kwa wadogo, na wasiokula wanabaki wazima. Ugonjwa hutembea: leo mmoja, kesho kutwa watatu, mwisho wa wiki wanane, kisha unasikia na kwa jirani wameanza. Ukiona kifo kimepanda ngazi namna hiyo, mwache jirani yako. Huenda na yeye wiki ijayo atakuwa analia kama wewe.

Hata pale ambapo ni sumu kweli, mara nyingi hakuna aliyeitega. Mtu amepanda mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya rangi, kuku wakafukua. Mwingine amepulizia viazi au kabichi, kuku wakala wadudu waliokufa. Dawa ya panya imewekwa nyuma ya ghala. Mtahini aliyekufa kwa kumpapasa kifuko cha shingoni; kama kimejaa, kipasue ukiwa umevaa mifuko mikononi, na uangalie. Mbegu za rangi nyekundu au waridi hujitangaza zenyewe. Kuku wa namna hiyo haliwi na mtu wala mbwa.

Kuna pia mahindi yaliyoota ukungu. Mavuno yakikutwa na mvua kabla ya kukauka, tunayachagua: mazuri ya watu, yaliyobadilika rangi ya kuku. Ukungu ule hutoa sumu inayoharibu ini. Kuku hafi siku hiyo. Hudhoofika, hupauka, huacha kutaga, na vifaranga hufa mmoja mmoja bila dalili ya kushika. Kama umefungua gunia jipya karibuni, linuse. Likinuka ukungu, lisirudi kwa mtu, kuku wala nguruwe.

Mdondo

Sasa nikae kwenye mdondo, kwa sababu kwenye kuku wa kienyeji wasiochanjwa ndio unaofagia nyumba nzima, na ndio unaowamalizia watu pesa kwenye duka la dawa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, huko Java na kwenye mji wa Newcastle nchini Uingereza, na mwaka 1935 Kenya ikauripoti. Tangu hapo haujaondoka kwenye ukanda wetu. Kwenye kundi ambalo halijawahi kuchanjwa unaweza kuua karibu kuku wote.

Utaona kuku amefumba macho, manyoya yamesimama, hataki kula. Anahema kwa mdomo wazi, anakoroma, ute unamtoka. Choo kinakuwa cha kijani, majimaji. Wengine mbawa na miguu hupooza. Waliokaa siku kadhaa bila kufa huanza kupinda shingo: kichwa kinageuka nyuma au kinatazama juu, kuku anazunguka mahali pamoja, akitaka kudonoa punje anaikosa. Si lazima uzione dalili zote kwa kuku mmoja. Wakati mwingine aina kali ya virusi huua kabla shingo haijapinda, na wewe unaona tu kuku wazima jana, maiti leo. Lakini ukiona kijani, koo na shingo ndani ya kundi moja, na vifo vinapanda, usitafute mbali.

Hakuna dawa inayotibu mdondo. Naomba ulisome hilo polepole. Kidonge cha tetrasaiklini kilichofunguliwa ndani ya maji hakiui virusi. Ampisilini haiviui. Pilipili, shubiri, majivu na maji ya vitunguu haviviui pia, ingawa siwezi kumkataza bibi anayempa kuku wake shubiri. Pengine inampa kuku hamu ya kunywa maji. Mtu hupata matumaini kwa sababu kuku mmoja au wawili waliopewa kidonge wamepona. Wangepona hata bila hicho kidonge, maana katika kila mlipuko kuna wachache wenye nguvu. Dawa za kuua bakteria zina kazi yake kwenye magonjwa ya bakteria, na daktari wa mifugo anaweza kuziagiza. Kuzitumia ovyo ndani ya maji ya kuku kunawafundisha bakteria kuzizoea, na siku mtoto wako atakapozihitaji hospitalini zitakuwa zimechoka.

Kwa mgonjwa wa mdondo unachoweza ni kumpa maji safi, joto, chakula laini, na kumwachia mwili wake. Aliyepooza kabisa na hawezi kunywa, mpunguzie mateso na umteketeze. Usimchinje uani: damu na manyoya yake yana virusi tele. Mtu anayewashika wagonjwa hawa asiyaguse macho yake, maana virusi hivyo humletea binadamu macho mekundu yanayowasha kwa siku chache.

Magonjwa mengine nitayapitia haraka, kwa sababu yanatambulika kwa umri na mahali yanapogusa. Vifaranga wa wiki tatu hadi nane wanaojikunyata na kuharisha damu wana koksidiosi, na hii ina dawa: amproliamu au dawa za salfa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na kuondoa matandiko yenye unyevu. Wa umri huohuo, hasa vifaranga wa kisasa walionunuliwa, wakilala chini kwa pamoja na kuharisha cheupe, fikiria Gumboro, ambayo ni ya virusi na kinga yake ni chanjo. Vidonda vyeusi vyenye magamba kwenye kilemba na pembeni mwa macho ni ndui ya kuku. Uso uliovimba, macho yenye usaha na harufu mbaya puani ni mafua makali ya kuku. Kuku mchanga anayenyoosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huku akila vizuri, huenda ana Marek. Kuku wakubwa wenye mwili mzuri wanaokutwa wamekufa bila kuugua, huku wengine wamevimba ndevu, wanaweza kuwa na kipindupindu cha kuku. Na kuku mwenye shingo iliyolegea kabisa kama kamba, akili ikiwa timamu, mara nyingi amekula funza kwenye mzoga. Huo mzoga utafute uuondoe leo. Ulegevu huo usiuchanganye na kupinda kwa mdondo.

Lipo moja ambalo halitakiwi kuguswa kwa mikono mitupu. Mwaka 2017 mafua makali ya ndege yalifika Uganda kando ya Ziwa Victoria, na mwaka huohuo yakawaua kuku na bata huko Ituri, pande za Ziwa Albert, katika nchi yetu wenyewe. Bata kwa kawaida huuvumilia mdondo bila kuonyesha kitu. Kwa hiyo ukiona bata nao wanakufa, au ndege wa porini wameanguka karibu na maji, vichwa vya kuku vimevimba na vilemba vimegeuka zambarau, usipasue, usinyonyoe, usile. Funga, ondoka, mwite veterineri wa Rutshuru au wa ukaguzi wa kilimo na ufugaji wa jimbo kule Goma.

Vifo visivyo vya ugonjwa

Rumangabo iko juu, mita zaidi ya 1,500, na usiku wa mvua una baridi kali. Vifaranga wanaokutwa wamerundikana kona moja, wa chini wamekufa, wameuawa na baridi wakikimbiliana joto. Hapo mtu mwenye huruma huwawekea mbabula ya makala ndani ya kibanda na kuziba kila tundu. Asubuhi wote wamekufa, wamelala vizuri kana kwamba wamesinzia. Ni moshi wa makala usioonekana, uleule unaoua familia zilizolala na mbabula chumbani. Ukitumia makala, acha nafasi ya hewa juu, au pasha mawe motoni uyafunge kwenye kitambaa uwawekee.

Tembe anayelalia mayai akifa juu ya kiota, au akikimbia mayai na kilemba chake kimekuwa cheupe, ngoja usiku. Nenda na tochi, chunguza chini ya fito anazolalia kuku na ndani ya nyasi za kiota. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu usiku. Wakiwa wengi humkausha tembe aliyetulia mahali pamoja wiki tatu. Choma nyasi za kiota, mwagia fito maji yanayochemka, paka chokaa kwenye nyufa.

Na kwa wenye uwanja wa pili au ndugu upande wa Goma na Sake: kuna mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka chini ya ardhi ya volkeno, nzito kuliko hewa tunayovuta, inayojaa kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Kuku ana kichwa karibu na chini, kwa hiyo anaanguka kabla ya mbuzi, na mbuzi kabla ya mtu. Ukikuta kuku wamekufa mahali palepale penye shimo, bila choo cha kijani wala koo, na pembeni yao mijusi au panya wamekufa pia, usiiname kuwaokota. Watu wamekufa kwa kushuka kufuata mnyama. Ngoja jua lipande na upepo upite, na pazungushie uzio wa mawe.

Mfungue aliyekufa

Sasa ule mzoga wa ndani ya ndoo. Kama bata ni wazima na huna shaka ya mafua ya ndege, na kama daktari wa mifugo anaweza kufika au wewe kumfikia ndani ya siku hiyo, mpelekee kuku mzima akiwa ndani ya mifuko miwili, pamoja na barafu ukiipata, na ile kaye. Kaye itamsaidia sana. Tangu umeme wa mtambo wa Matebe ulipoanza kuwaka mwaka 2015, barabara yetu ina maduka yenye frigo, na barafu si kitu cha ajabu tena.

Kama daktari hapatikani, na miaka hii tumezoea ofisi kufungwa na barabara kukatwa, unaweza kumfungua mwenyewe mbali na nyumba, mikono ikiwa ndani ya mifuko, mdomo na pua vimefunikwa, juu ya gunia utakalolichoma. Tafuta tumbo dogo laini lililo kabla tu ya firigisi, ulipasue, ulioshe kidogo. Madoadoa ya damu kwenye vinundu vya ndani ni alama kubwa ya mdondo, ingawa kukosekana kwake hakuuondoi. Nenda mwisho wa utumbo, penye vifuko viwili virefu. Kwa kifaranga, vikijaa damu ni koksidiosi. Tazama ini: likivimba na kuwa na rangi ya shaba au kijani, fikiria taifodi ya kuku, likiwa na vitone vyeupe vidogo vingi, fikiria kipindupindu cha kuku. Utumbo uliojaa minyoo mirefu myeupe utauona bila kuutafuta, na hapo dawa ya minyoo ina maana, ingawa minyoo peke yake hudhoofisha zaidi kuliko kuua kuku wakubwa. Andika ulichokiona. Piga picha kama simu yako inaruhusu, umtumie veterineri.

Kisha mzoga uteketee. Vitabu vinasema fukia kwenye shimo refu. Penye udongo wetu mweusi hilo linawezekana: chimba mpaka magotini na zaidi, mwagia majivu au chokaa, funika, weka mawe juu mbwa wasifukue. Lakini mtu wa Kibumba au wa Goma aliyejenga juu ya lava atachimba kwa kutumia nini? Yeye achome kwa kuni mpaka mifupa, au atumbukize kwenye choo cha shimo kisichotumika tena. Kutupa msituni ni vibaya mara mbili: mbwa huurudisha mzoga mtaani, na Hifadhi ya Virunga iliyo mgongoni kwetu ina ndege na wanyama wasiohitaji mzigo wetu.

Kula je? Najua nyumba ambamo kuku aliyekufa ndiye nyama pekee ya mwezi, na sitamsimanga mama aliyejaribu kuiokoa. Ila kuku aliyekutwa amekufa hujui alichokufa nacho, na mlo mmoja hautoshi kulipia sumu ya panya au ugonjwa wa tumbo kwa watoto. Mteketeze.

Nirudi kwenye kuuza. Kuku wanapoanza kufa, wengi hukimbiza waliobaki sokoni au kuwasimamishia madereva wa malori yanayoshuka Goma. Kwa bei ya chini wanapata franga chache. Lakini hivyo ndivyo mdondo unavyosafiri kutoka Kiwanja hadi Rugari, na ndivyo utakavyokurudia msimu ujao ukipita kwa mkono wa mwingine. Tukiwa na ujasiri wa kutangaza kanisani na msikitini kwamba kwangu kuku wanakufa, fungeni wa kwenu, tutaokoa kuku wengi kuliko duka lolote la dawa.

Tone moja jichoni

Pesa ambazo ungezimaliza kwenye vidonge zipeleke kwenye chanjo, kuku wakiwa wazima. Chanjo haimponyi mgonjwa, na kinga inahitaji kama wiki moja hadi mbili ijengeke. Ipo LaSota, inayotolewa kwenye maji ya kunywa au jichoni, na inataka ubaridi wa frigo tangu kiwandani hadi uwanjani. Ipo pia I-2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na frigo. Tanzania inaitengeneza yenyewe. I-2 huvumilia siku kadhaa nje ya frigo ikiwa gizani na mahali pa baridi. Uliza ipi inapatikana, na usikubali chupa iliyokaa juu ya meza ya soko kwenye jua.

Tatizo la mwenye kuku kumi na wawili ni kwamba chupa moja ina dozi mia au zaidi. Suluhisho ni nyumba kumi kununua pamoja na kuchanja siku moja. Faida yake ni zaidi ya bei: kuku wako aliyechanjwa akizungukwa na mia wasiochanjwa bado yuko hatarini. Chanja alfajiri kabla hawajafunguliwa, kila mmoja, kifaranga na jogoo, tone moja kwenye jicho moja. Mlaze kuku ubavu, shika kichupa wima, ngoja tone lienee ndipo umwachie. Usichanje wanaoumwa. Rudia kila baada ya miezi minne. Ukiwa unatumia LaSota, miezi mitatu. Wengi Tanzania huchagua Januari, Mei na Septemba. Kwa Rumangabo mimi ningechagua Machi, Julai na Novemba, ili kinga iwe kali wakati wa soko la Noeli na Mwaka Mpya, maana hapo ndipo kuku wa kila mahali hukutana.

Kama unatoa kwenye maji, usitumie maji yaliyotiwa klorini. Klorini huiua chanjo. Tumia maji ya mvua au ya chemchemi, wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, na yaishe ndani ya saa mbili.

Usafi wa kuzuia ugonjwa tunaujua zaidi ya tunavyodhani. Pale Rumangabo kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, penye kituo cha Senkwekwe cha ngagi mayatima, mtu mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia ngagi, na mzima huvaa barakoa, kwa sababu mgeni ndiye anayeleta ugonjwa. Kuku wako walinde hivyohivyo: muuza kuku anayepita na tenga lake asimame barabarani, viatu vya sokoni visiingie kibandani, na kuku mgeni akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganyika.

Baada ya mlipuko, usijaze kibanda haraka. Fagia, choma matandiko na viota, sugua kwa sabuni, paka chokaa, acha jua liingie. Ngoja mwezi mzima tangu kifo cha mwisho. Waliopona wakae kando muda huohuo, maana wanaweza kuendelea kutoa virusi wakiwa wanaonekana wazima. Mwenye shingo iliyopinda huenda akabaki hivyo maisha yake yote, na anaweza kutaga.

Wa kuanzia usiwatafute sokoni. Tafuta nyumba iliyochanja, umwombe mwenyewe akufugishe tembe mmoja kama wazee walivyofanya, mgawane vifaranga. Mkabidhiane kuku pamoja na tarehe ya chanjo yake ya mwisho. Kama miezi minne imepita, achanjwe hukohuko anakotoka, akae wiki mbili, ndipo avuke uzio wako.